Mzee wa Mawe na Ndevu za Baba

Nitamwita Mzee wa Mawe, kwa sababu ndivyo soko zima la Masisi lilivyomwita. Jina lake ninalijua vizuri sana. Silitaji, kwa kuwa kwa miaka mingi nililisikia midomoni mwa watu walioketi katika kiti changu, sabuni yangu ikiwa mashavuni mwao, huku wakisifu kazi yake yeye. Alizaliwa wapi na kwa nani, waulizwe wengine. Mimi nitasimulia nilichokiona, na nilikiona kwa jicho la wivu. Msomaji ajue hivyo tangu sasa, asije akanilaumu mbele ya safari.

Nilikuwa kinyozi. Nilikuwa na kiti cha mbao chenye mgongo, kioo kisicho na ufa, beseni la bati, sabuni ya harufu nzuri, na nyembe zile za kukunja ambazo Wazungu wa mashamba ya kahawa walikuwa wakiwaachia wapishi wao. Mahali pangu palikuwa upande wa juu wa soko, penye jua la asubuhi. Mzee wa Mawe alikaa ng'ambo ya njia, chini ya upenu wa duka la nguo, na hakuwa na kioo wala kiti cha maana. Alikuwa na kigoda, ndoo ya maji na kikapu cha mawe.

Baba yangu alikuwa katekista wa misheni. Ndevu zake zilikuwa ngumu na ziliota upesi, na kila siku ya soko aliteremka kilima kuja kunyolewa. Akifika mbele yangu alisimama.

"Mutoto wangu, umeamuka je?"

"Nimeamuka, Papa."

"Na batoto?"

"Bote bazima."

"Aksanti kwa Mungu."

Halafu alivuka njia, akaketi juu ya kile kigoda, akafumba macho na kuinua kidevu. Mzee wa Mawe alimfunga kitambaa shingoni. Mimi nilikuwa nikimnyoa mtu mwingine, baba wa mtu mwingine, na mkono wangu ulikuwa ukifanya kazi peke yake kwa sababu macho yalikuwa yamevuka njia. Wakati huo vita vya Wazungu vilikuwa havijaisha, watu walikuwa wakiulizana habari za mbali, na mimi nilikuwa na habari moja tu iliyoninyima usingizi. Nilitaka baba aketi katika kiti changu. Nilitaka afumbe macho mbele yangu, aniachie shingo yake, halafu ajipapase mashavu na kusema kwamba mwanawe anajua kazi.

Soko halikunisaidia. Kulikuwa na mama mmoja muuza maharage ambaye ulimi wake haukuwa na likizo.

"Kwafere!" aliniita, maana hivyo ndivyo walivyowaita vinyozi. "Papa yako anaogopa wembe yako ao anaogopa uso yako?"

"Papa iko na mazoea yake, Mama."

"Mazoea gani? Mutoto anapika, muzazi anakula kwa jirani!"

Watu walicheka, nami nilicheka nao, meno tu.

Ili wivu wangu ueleweke, sharti nieleze kazi yenyewe. Wembe wa kukunja hauharibiki siku moja. Unanyoa, unaupiga kwenye mkanda wa ngozi, unanyoa tena. Lakini huja siku ambapo mkanda hausaidii, wala jiwe laini halisaidii. Ukingo umechoka, au umepata pengo, au mtu asiye na adabu ameutumia kukatia kamba. Hapo inabidi uanze upya, usugue pande zote mbili za ukingo mpaka zikutane tena katika mstari mmoja, kutoka kisigino cha wembe hadi nchani. Mzee aliita kazi hiyo kukutanisha mashavu. Sisi vinyozi wengine tuliweza kulainisha wembe uliokwisha kukutana. Kukutanisha aliweza yeye, na siri yote ilikuwa katika kuchagua jiwe la kwanza.

Mawe yake mengine aliyaokota mtoni upande wa Hombo, mengine njia ya Mubi, mahali barabara ilipokata kilima na mwamba ukabaki wazi. Yalikuwa ya kijivu, meusi, ya kijani kidogo, na moja jekundu kama ini. Hakuwa na jiwe moja la kila wembe. Ukimpa wembe, kwanza aliugonga kwa ukucha karibu na sikio lake asikilize chuma kinavyolia, maana chuma kigumu hulia kwa muda na chuma laini hunyamaza upesi. Kisha alitia mkono kikapuni, akatoa jiwe, akalilowesha na kutazama maji. Maji yakizama mara moja, alilirudisha, kwa kuwa jiwe la namna hiyo linakwaruza sana. Yakikaa juu bila kuingia kabisa, alilirudisha vilevile, maana hilo lingekula siku nzima bila kuondoa kitu. Alitaka jiwe ambalo maji yanakaa kidogo, yanaingia kidogo. Akilipata, alilikwangua kwa ukucha, akaweka unga wake ulimini na kuutafuna polepole kwa meno ya mbele, akitafuta punje ya mchanga. Akiipata hata moja, alitema mate.

"Hii iko na jino," alisema. "Itauma wembe."

Na jiwe lile lilitupwa pembeni, hata kama lilikuwa zuri machoni, hata kama alilibeba kichwani kutoka Hombo.

Nilikuwa nikiyaona yote haya kutoka upande wangu wa njia, na nilikuwa nikiyaiga. Alipopaka masizi ukingoni mwa wembe, akausukuma mara moja juu ya jiwe na kuuinua kwenye mwanga, nilielewa anatafuta nini: penye masizi bado, jiwe halijagusa. Nikaanza kupaka masizi. Alipoulaza wembe chali kabisa, mgongo na ukingo vyote vikilala juu ya jiwe, nikaacha kuuinua wangu. Kila nilichoiga kilifanya kazi yangu iwe bora kidogo, na kila ubora ulinikera, kwa kuwa nilijua ulikotoka.

Siku moja Mzungu wa shamba alikuwa akirudi kwao Ubelgiji, na katika vitu alivyoviacha nilipata jiwe. Lilikuwa la njano upande mmoja na bluu upande mwingine, pande mbili zimeshikamana tangu ardhini, laini kama ngozi ya ndani ya mkono. Jiwe la Wabelgiji wenyewe! Sikungoja. Nililifunga katika kitambaa safi, nikavuka njia mchana kweupe ili kila mtu anione, na kuliweka magotini mwa Mzee wa Mawe.

Alilipapasa kwa kidole gumba, muda mrefu. Nilimtazama usoni nikitafuta wivu. Nilitamani sana kuuona, hata kidogo tu, kwenye pembe ya mdomo.

"Muzuri," alisema. "Muzuri sana. Hii iko jiwe ya mwisho."

"Hata ya kwanza, Muzee."

"Jaribu."

Nilijaribu. Nilichukua wembe uliochoka kabisa, nikaweka maji safi juu ya lile jiwe la njano, nikasugua tangu soko lilipofunguka mpaka wanawake walipoanza kufunga mizigo yao. Ukingo uling'aa hata ungeweza kujitazama meno. Haukukata nywele. Nilikuwa nimeng'arisha mashavu ambayo hayajakutana. Ng'ambo ya njia Mzee wa Mawe alikuwa akinoa kwa jiwe la kijivu la kuokotwa, na watu walikuwa wakimsubiri.

Kilichonichoma zaidi nilikijua baadaye. Kinyozi wa Sake, ambaye naye alikuwa na jiwe la njano, alikuja sokoni, na Mzee alimweleza waziwazi kwamba jiwe hilo linaweza kufanya hata kazi ya kwanza, mradi ulisugue kwanza kwa kipande chake mwenyewe mpaka litoe tope zito, na kunoa ndani ya tope hilo. Alimweleza kwa sauti nzuri, akimwita kaka. Nilivuka njia nikiwa nimevimba.

"Muzee, mimi hukuniambia."

"Wewe hukuuliza."

"Ule aliuliza?"

"Ule iko na haraka. Miye namuambia, anaenda kwake. Wewe uko hapa kila siku. Angalia."

"Nimeangalia mpaka macho yananiuma!"

"Njo vizuri," alisema, yaani ndivyo inavyofaa, akaendelea na kazi.

Alikuwa hivyo kwangu tu. Kwa wengine alikuwa mpole kupita kiasi. Wembe wa mwingine aliurudisha kwa mikono miwili na maneno ya heshima. Wangu, nilipolazimika kumpelekea, aliurudisha na matusi. Alisema ninabana mpini kama mtu anayekaba kuku. Alisema nina haraka, nina kiburi, na ninatia sabuni nyingi ili kuficha wembe mbaya. Mambo hayo hakumwambia kinyozi mwingine yeyote, na wote tulikuwa tukitia sabuni nyingi.

Hakuwa mtu wa kueleweka kirahisi. Alichukia kusifiwa, lakini watu wakikusanyika kumtazama alipunguza mwendo wa mkono ili watazame vizuri. Alikuwa na viatu vya ngozi, vyeusi, ambavyo alivibeba mkononi njia nzima kutoka kwake, akavivaa akifika sokoni ili akae navyo, na kuvivua wakati wa kurudi. Misani alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, akiimba kwa nguvu sauti isiyo ya wimbo wenyewe, na mahubiri yakianza alitoka nje kuvuta tumbaku. Baba yangu, aliyekuwa akikemea kila mtu kwa kutoka, yeye hakumkemea. Jiwe la volkano la kule Sake, lenye matundu, alilidharau mbele ya watu.

"Iko ya kunoa jembe," alisema.

Lakini bamba kubwa la jiwe hilohilo lilikuwa nyuma ya kigoda chake, na kila asubuhi alisugulia juu yake mawe yake yote, kwa maji na mchanga, ili yabaki yamenyooka. Nilipomuuliza kwa nini analitukana jiwe linalomlisha, alinijibu kwamba hata mbuzi anatukanwa na anakamuliwa. Mtoto hakuwa naye. Ukimuuliza habari hiyo aliinama kikapuni, akatafuta jiwe.

Niliwahi kufikiri nimempata. Kwenye chemchemi iliyo chini ya misheni kulikuwa na jiwe ambalo wanawake walinolea mapanga na majembe, wao na mama zao na bibi zao. Siku moja nililowesha kipande chake, maji yakakaa kidogo, yakaingia kidogo. Nilikwangua, nikatafuna unga wake, hakuna jino. Niliwaomba kina mama wanipe sehemu iliyovunjika pembeni, wakanipa huku wakinicheka, nikaibeba mpaka kwangu kwa furaha ambayo sijaipata tena mara nyingi.

Nililinolea wembe na kumnyoa karani wa baraza. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kola nyeupe. Nilipomaliza, kola haikuwa nyeupe. Wembe ulikuwa umekata hapa, umeruka pale, umeuma kidevuni, nami sikujua kwa nini, kwa kuwa jiwe lilikuwa limepita kila jaribio. Karani alipiga kelele za Kifaransa. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, Mzee wa Mawe akavuka njia kuja kwangu.

Aliliokota jiwe langu. Aliomba kijiti kilichonyooka, akakilaza juu yake mbele ya wote. Chini ya kijiti, katikati, mwanga ulipita. Mapanga ya bibi zetu yalikuwa yamelichimba jiwe lile kidogokidogo, likawa na bonde, na wembe wangu ulikuwa umefuata bonde hilo na kuota tumbo.

"Unapenda kulamba tu," alinikaripia. "Angalia mugongo! Jiwe yenye imepinda, hata ikiwa tamu namna gani, iko ya nini?"

Ng'ambo ya njia baba yangu alikuwa ameketi juu ya kigoda, nusu ya uso ikiwa na povu, akingoja fundi wake arudi. Alikuwa akitutazama. Nilingoja acheke kama wengine, maana kicheko ningekivumilia. Alifumba macho yake na kuinua kidevu.

Tangu siku ile niliapa nyembe zangu hazitavuka njia. Na kweli, baada ya muda kazi yangu ilianza kusifiwa. Watu walijipapasa mashavu na kusema wembe wa Kwafere sasa unateleza. Hata mama muuza maharage aliniletea mumewe. Nilitembea kifua mbele wiki kadhaa, mpaka siku nilipofungua wembe mmoja na kuona, pale kwenye msumari unaoshika mpini, tope la kijivu lililokauka. Sikuwa na jiwe la kijivu. Nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa mke wangu, Josefina.

"Nyembe zangu zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda kutembea," alijibu, akigeuza ugali.

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye anajua. Wewe ukilala mchana, miye nazibeba. Anazinoa, hasemi kitu. Unataka batoto bakule kiburi yako?"

Sikula ugali ule. Jioni nilikula, lakini nilikula nikiwa nimenuna. Hivyo hata sifa zangu zilikuwa zake. Alikuwa na wateja wangu, alikuwa na nyembe zangu, na alikuwa na baba yangu.

Nilimkabili baba siku ya Jumapili, baada ya misa, tukiwa peke yetu uani kwake.

"Papa, kiti yangu iko na misumari?"

"Kiti yako iko muzuri."

"Mukono yangu iko muzito?"

"Nani alisema?"

"Basi kaa hapa, sasa hivi. Niko na wembe, niko na sabuni. Hakuna mutu anatuona."

Baba alitazama ardhi. Alikuwa mtu wa maneno mengi kanisani. Nyumbani alipokosa neno alikuwa akikohoa. Alikohoa.

"Endelea na kazi yako, mutoto wangu. Kazi yako inanifurahisha."

"Inakufurahisha kwa mbali!"

"Kwa mbali," alikubali, akasimama na kuingia ndani.

Kwa nini, nilimuuliza mama. Mama alikuwa mtu wa Masisi, wa milima hiihii. Baba alikuwa ametoka mbali, kwenye msitu wa Walikale, kabla hawajaoana. Mama alisema kwamba wanaume wa msituni wana mambo yao na amechoka kuyauliza.

Baba alipougua, ndevu zilimfunika uso. Nilikaa kando ya kitanda chake na kumwomba tena. Hakuwa na nguvu za kusema. Aliinua mkono wake, akaushika mkono wangu, ule nilionyolea, akaushikilia hapo juu ya blanketi asiuachie mpaka aliposinzia. Nilichukua hilo kuwa jibu la hapana. Alipofariki, kabla ya kumvika na kumlaza, ilibidi anyolewe. Nilileta kisanduku changu. Nilisema mwenyewe, kwa sauti, kwamba sasa hakuna wa kunikataza. Baba mdogo, ndugu yake aliyefika kutoka Walikale, aliniwekea mkono begani.

"Hapana wewe. Bamekwisha kumuita fundi."

"Fundi? Miye ni nani?"

"Wewe ni mutoto wake. Kaa."

Mzee wa Mawe alikuja na kikapu kizima. Aliketi uani mbele ya waombolezaji, akauchukua wembe ambao haukuwa na shida yoyote na kuanza kazi tangu mwanzo, kukutanisha upya mashavu yaliyokuwa yamekutana. Alichagua jiwe kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Alilirudisha la kijivu, akalirudisha jekundu. Nilikuwa nimepewa kazi ya kummiminia maji. Alipomaliza alikwenda kwa baba, akamnyoa polepole, nami nikasimama pale nimeshika beseni kama mgeni. Sehemu ya shingo ilipobaki, nilinyoosha mkono kuomba wembe. Sehemu ile ndogo tu. Alinitazama, akausogeza wembe mbali na mkono wangu.

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kwa moyo wote, mbele ya maiti ya baba yangu.

Baada ya matanga macho ya Mzee wa Mawe yalianza kuharibika. Alitoka Masisi bila kuaga vinyozi, na tukasikia amerudi upande wa Mubi, kwenye msitu uleule wa Walikale alikotoka baba. Mteja wake mmoja mmoja akavuka njia kuja kwangu. Nilikuwa nimeyapata yote niliyoyataka, isipokuwa lile moja, na lile moja lilikuwa kaburini. Nilijifunza hatimaye kukutanisha mashavu. Nilijifunza kwa sababu nilikuwa nimeangalia mpaka macho yananiuma, kama nilivyomwambia. Lakini swali halikuniacha. Miaka ya hamsini ilipofika katikati, nilipata nafasi katika lori lililokuwa likipeleka mbao na chumvi kwa watu wa migodi, nikaenda Mubi kumuuliza.

Nilimkuta ameketi mlangoni, mchana, mvua imetoka kuacha. Alikuwa amepofuka jicho moja, na la pili lilikuwa likiona vivuli tu. Viatu vyeusi vilikuwa miguuni. Kikapu kilikuwa pembeni, na ndevu zilikuwa zimemfika kifuani, nyeupe, zimechanganyikana.

"Nani?" aliuliza.

"Kwafere wa Masisi."

"Aaa. Ule wa sabuni mingi. Ikala." Yaani niketi.

Sikuzunguka. Nilimuuliza kwa nini baba yangu, kwa miaka yote ile, alinipita mimi na kwenda kwake, na kwa nini yeye mwenyewe alininyima hata maiti yake.

Mzee alipapasa ukingo wa kikapu.

"Hakukuambia?"

"Hakuniambia."

"Hata mwisho?"

"Alinishika mukono tu."

Alitikisa kichwa. "Papa yako alikuwa mutu wa haya. Sikia. Kwetu huku, katika nyumba yenu na katika nyumba yetu, mutoto hapeleke chuma kwa shingo ya muzazi wake. Hata akiwa fundi. Hata muzazi akiwa amekufa. Iko muziro, iko mwiko. Mutoto akifanya vile, njo kusema anamutuma muzazi aende haraka. Papa yako alitoka huku na ile muziro, hakuweza kuiacha. Sasa yeye katekista, kila Siku ya Mungu anakataza batu mambo ya bankambo, ya babu zetu. Angekuambia namna gani? Alikuya kwangu kwa sababu miye nilijua bila kuambiwa."



"Na kunyoa yeye ilikuwa kazi ngumu," aliendelea. "Alikuwa anageuza kigoda akuangalie wewe. Nikimwambia ageuke, anageuka kidogo, halafu anarudi. Nilikuwa namukata, anasema si kitu. 'Angalia ile mukono,' anasema. 'Angalia vile anashika.' Kila siku ya soko! Miye niko na wembe kwa shingo yake, na yeye anasifu mukono ya mwingine. Unajua vile ilikuwa inaniuma?"

Nilikuwa nimemwona baba akigeuza kigoda. Nilikuwa nimefikiri anakimbia jua. Nililia, na hata nilipokuwa nikilia wivu haukuondoka, uligeuka tu upande mwingine. Maneno yale yote baba aliyasema kwa huyu. Huyu aliyasikia kila juma, na mimi nilikuwa umbali wa njia moja, nikinyoa watu nisiowapenda.

"Basi," alisema Mzee, kama mtu anayefunga kazi. "Jirani yangu hapa ananinyoaka siku moja moja. Wembe yake imekufa. Njo maana unaniona hivi. Chagua jiwe."

Alinisukumia kikapu. Hakuwahi kuniruhusu kutia mkono humo. Niliugonga ule wembe wa jirani karibu na sikio, chuma laini. Nililowesha jiwe moja, maji yakazama, nikarudisha. La pili nililikwangua, nikatafuna, nikasikia punje na kutema. Niliposhika la kijani nililiinua kwanza kwenye mwanga na kulaza kijiti mgongoni, kisha nikalilowesha. Mzee alinyoosha mkono, akalichukua, akalipapasa pande zote, akalilamba kidogo na kunirudishia bila matusi.

Nilinoa. Masizi, jiwe, mwanga, masizi tena. Tope la kijani lilijaa vidoleni mwangu. Nilipomaliza kulainisha, alijaribu ukingo juu ya ukucha wa kidole gumba, kutoka kisigino hadi ncha, bila kuharakisha.

"Mashavu yamekutana," alisema.

Furaha ilinipanda. Nilitoa sabuni yangu ya harufu, nikapiga povu, nikampaka mashavu na kidevu na shingo. Niliuchukua wembe, nikamwekea mkono kichwani ili ninyooshe ngozi. Akaushika mkono wangu, akautoa.

"Jirani!" aliita. "Kuya unyoe."

"Muzee, niko hapa. Wembe iko mu mukono yangu."

"Najua. Mupe jirani."

"Lakini jirani hajui kazi!"

"Nimekwisha kukuambia mambo ya kwetu," alisema, na sauti yake haikuwa kali. "Mutoto hapana."

Jirani alikuja akijifuta mikono, mtu mnene, mchangamfu, akashukuru kwa wembe mzuri na kuanza. Mzee wa Mawe aligeuza kigoda mpaka uso wake ukaelekea mahali nilipokuwa, akafumba macho na kuinua kidevu. Nilishika beseni. Jirani alikuwa na mkono mzito, alinyoa vibaya, akaacha nywele chini ya taya, na nilimwonea wivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwonea. Sikusogeza mkono.